Pumzi Ileile: mwongozo wa kubana pumzi kwa anayekwenda kupigwa mionzi ya kifua

Kama umewahi kupigwa eksirei ya kifua unayakumbuka maneno yale: "Vuta pumzi... bana... haya, pumua." Sekunde tatu tu, umemaliza, unavaa nguo yako. Kwenye tiba ya mionzi maneno ni hayohayo, lakini kazi ni nyingine. Eksirei inataka picha moja isiyotikisika. Mionzi ya tiba inataka moyo wako uhame pale ulipo, utulie huko sekunde 20, urudi, kisha uhame tena mpaka palepale, leo, kesho na keshokutwa, hadi siku zako ziishe.

Kazi yangu ni kuwalaza watu kwenye kitanda cha mashine hiyo, na kosa ninaloliona kuliko mengine yote ni hili: mgonjwa akiambiwa avute pumzi, anavuta ya kupasua mbavu, kama mvuvi anayezamia pweza. Anadhani tunampima nguvu. Mama mmoja wa makamo aliwahi kuniuliza, macho yamemtoka, "Mwanangu, hii inatosha au niongeze?" Nikamwambia, "Mama, punguza. Nipe ile utakayoweza kunipa tena Ijumaa." Akacheka, pumzi yote ikamtoka, tukaanza upya.

Tunachotafuta ni pumzi ileile. Ya wastani inayojirudia bila kuzidi wala kupungua ina faida kuliko kubwa ya leo isiyofanana na ya jana. Ukilishika hilo, hatua zinazofuata zitakuwa nyepesi.

Nimeandika hasa kwa mwanamke mwenye saratani ya titi la kushoto, kwa kuwa ndiye anayeombwa abane pumzi mara nyingi zaidi. Wa mapafu, ini na kongosho wana sehemu yao karibu na mwisho, maana njia zao ni tofauti.

Kwanza ujue kinachotembea

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukilala robo saa kitandani umepumua mara mia mbili na ushee, na kila mara kiwambo, ule msuli mpana uliotandazwa kati ya kifua na tumbo, kimeshuka na kupanda. Kikishuka kinasukuma ini, tumbo na figo kwenda chini. Uvimbe uliokaa chini ya pafu, karibu na kiwambo, unaweza kusafiri zaidi ya sentimita moja kwa pumzi ya kawaida, na kwa wengine hufika mbili. Uliokaa juu ya pafu, huku karibu na bega, huenda usisogee hata nusu sentimita. Titi husogea milimita chache tu.

Kwa hiyo tatizo la titi la kushoto ni jirani yake. Moyo umeegemea upande huo, na mshipa mmoja mkubwa unaoulisha damu unashuka mbele yake, nyuma kidogo tu ya ukuta wa kifua. Miale ya kutibu titi hupita kimshazari ikiukwangua ukuta huo. Moyo ukiwa umesogea mbele, nao unapata sehemu yake ya mionzi ambayo hakuna aliyeikusudia.

Madhara yake yamepimwa. Mwaka 2013 Sarah Darby wa Oxford na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake 2,168 wa Sweden na Denmark waliopigwa mionzi ya titi kati ya mwaka 1958 na 2001. Waliona kwamba kwa kila grei moja ya wastani iliyoufikia moyo, hatari ya maradhi makubwa ya mishipa ya moyo ilipanda kwa asilimia 7.4 hivi. Ilianza kujitokeza ndani ya miaka 5 ya mwanzo, na ilikuwa bado ipo baada ya miaka 20. Grei ni kipimo cha mionzi, kama lita ilivyo kwa maji.

Takwimu hiyo usiisome vibaya. Haisemi kwamba wanawake saba katika kila mia wataugua moyo. Inasema hatari uliyokuwa nayo tangu awali inaongezeka kwa kiasi hicho. Mwanamke wa miaka 40 asiye na presha, asiye na kisukari, asiyevuta sigara, hatari yake ya awali ni ndogo, na nyongeza yake ni ndogo vilevile. Kuacha mionzi uliyoandikiwa kwa kuuhofia moyo ni kukimbia mvua na kuingia mtoni. Ila kama moyo unaweza kukaa pembeni bila kupunguza tiba ya titi, kwa nini usikae?

Hapo ndipo pumzi inapoingia. Ukiivuta ndani, mapafu yanajaa na kujipenyeza kati ya moyo na ukuta wa kifua, na kiwambo kinaposhuka kinauvuta moyo chini na nyuma. Kidari kinainuka sentimita moja hadi mbili hivi, na ile nafasi iliyopatikana inatosha miale ipite mbele ya moyo badala ya kuugusa.

Hatua ya 1: Uliza mapema kama inakuhusu

Swali hili liulizwe kwa daktari wako kabla ya kupigwa picha za CT za kupanga tiba, yaani picha za kompyuta zinazoonyesha ndani ya mwili. Ukisubiri siku ya kwanza ya mashine umechelewa, kwa sababu ramani yote ya tiba imeshachorwa juu ya picha zile.

Muulize hivi: "Daktari, moyo wangu uko karibu na eneo la mionzi? Je, nitapigwa nikiwa nimebana pumzi?" Akisema hakuna haja, muulize sababu kwa adabu, atakueleza. Wenye titi la kulia kwa kawaida hawahitaji. Wapo wa kushoto ambao moyo wao kwa asili umekaa mbali, na wapo wenye matiti makubwa ambao hospitali nyingine huwalaza kifudifudi, titi likaning'inia chini mbali na kifua. Hizo nazo ni njia halali.

Uliza pia wanatumia kifaa gani, ili usishtuke. Kuna wanaotumia kamera: aidha inaangalia kisanduku chepesi kinachoakisi mwanga, kilichowekwa juu ya tumbo au kidari, au inasoma ngozi yenyewe bila kuweka chochote. Kuna wanaokupa mpira wa kuvutia hewa mdomoni na kibanio cha pua; hewa ikifika kiwango kilichopangwa, vali inajifunga yenyewe kwa sekunde kadhaa. Wewe una kitufe mkononi, ukikiachia vali inafunguka. Na kuna njia isiyo na kifaa chochote zaidi ya taa za leza za ukutani, alama za ngozini na macho ya wahudumu: unavuta pumzi mwenyewe, wao wanatazama kwenye skrini kama alama imefika pale inapotakiwa.

Hii ya mwisho watu huidharau. Mgonjwa akisikia kwamba kwa jirani kuna makamera, anahisi ameletewa tiba ya kimaskini. Sasa sikiliza. Hospitali ya Royal Marsden ya London iliilinganisha na ile ya vali katika utafiti ulioitwa HeartSpare, matokeo yakatoka mwaka 2013. Pumzi ya hiari ilijirudia vizuri sawa na ya vali, moyo ulikingwa sawa, ilichukua muda mfupi zaidi, iligharimu kidogo, na wanawake wenyewe waliipenda zaidi. Ningekuwa na uwezo, ningelibandika jambo hilo kwenye mlango wa kila kitengo cha mionzi cha Afrika Mashariki ambacho kinasubiri bajeti ya kamera ndipo kianze.

Kizuizi cha kweli kipo kwenye mashine za kobalti, zile zinazopata mionzi yake kutoka kwenye metali ya kobalti. Chanzo cha kobalti hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5 na robo hivi, kwa hiyo kikizeeka, dozi iliyochukua dakika moja inataka mbili. Pumzi ya mtu haijui kuongezeka kwa namna hiyo. Kama utatibiwa kwa kobalti na daktari akasema hakuna kubana pumzi, ana sababu. Mashine za umeme, zile tunazoziita linaki, ndizo zinazopiga kwa haraka na kukatizwa na kuendelea bila taabu.

Hatua ya 2: Tengeneza bega kabla ya pumzi

Utalala chali mikono ikiwa juu ya kichwa, imekaa kwenye vishikio. Aliyefanyiwa upasuaji wa titi, hasa akiwa ametolewa na matezi ya kwapani, bega lake mara nyingi limekaza. Akilazimisha mkono juu anaumwa, na mwenye maumivu hapumui kwa utulivu.

Simama ukitazama ukuta, tambaza vidole juu yake kama buibui anayepanda, mpaka unapohisi mvuto. Tulia hapo kidogo, shuka. Weka alama ya penseli, na kesho jaribu kuipita kwa upana wa kidole. Asubuhi na jioni. Ukiona wiki inaisha na alama haipandi, mwambie daktari akupeleke kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, usisubiri siku ya CT.

Hatua ya 3: Mazoezi ya mkekani

Anza angalau wiki moja kabla ya CT. Mtu akifika anaijua pumzi yake, kazi ya nusu saa inakwisha kwa dakika kumi.

Unahitaji mkeka, mto mwembamba, kiberiti, rula, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na mtu mmoja wa nyumbani mwenye subira. Mume, dada, binti, yeyote. Lala chali, mikono juu. Msaidizi aweke kiberiti juu kidogo ya chembe ya moyo, pale mfupa wa kidari unapoishia, kisha asimamishe rula sakafuni ubavuni mwako na kusoma kiberiti kiko juu kiasi gani ukiwa umepumua kawaida.

Sasa vuta pumzi mbili tatu za kawaida, bila kuhema. Halafu vuta ndani polepole, kifua kijae, simama kabla hujafika mwisho. Nikisema kabla ya mwisho nina maana kama ndoo unayoibeba kichwani: huijazi mpaka mdomoni, unaacha pengo ili isimwagike njiani. Bana. Msaidizi asome rula na kuhesabu sekunde. Siku ya kwanza sekunde 10 zinatosha. Achia taratibu, pumua kawaida nusu dakika au zaidi, rudia. Mara tano ni mzunguko mmoja, na mizunguko mitatu kwa siku inatosha kabisa. Panda kidogokidogo mpaka sekunde 20 zisiwe taabu. Ukifika 25 usiendelee kupanda, hakuna tuzo.

Kila mara andikeni kwenye daftari vitu viwili: urefu wa kiberiti na sekunde. Ninachotaka muangalie ni ile safu ya kwanza. Kama pumzi tano zimeinua kiberiti sentimita 1.5, 1.4, 1.6, 1.5, 1.5, umeshafuzu. Kama ni 2.4, 1.1, 1.9, 0.8, hata ukibana dakika nzima hatutaweza kukupiga. Kwenye mashine, tofauti tunayoivumilia kwa kawaida ni milimita 3 hadi 5.

Kuna udanganyifu wa aina tatu ambao mwili hufanya bila wewe kujua. Wa kwanza ni kupinda mgongo. Kiberiti kinapanda vizuri, rula inasoma namba nzuri, kumbe kiuno ndicho kilichonyanyuka kama daraja na mapafu hayajaongeza hewa yoyote. Msaidizi apenyeze kiganja chini ya kiuno chako. Ukivuta pumzi na pengo likapanuka, hiyo haihesabiwi. Wa pili ni kuinua mabega kuelekea masikioni. Wa tatu ni kuvuja: umebana, lakini hewa inatoka puani kidogokidogo kama tairi lenye tobo la msumari, na kufikia sekunde ya 15 kiberiti kimeshashuka. Wanaovuja karibu wote walijaza mno. Punguza hewa ya kuingia, funga koo kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno, utaona kiberiti kinatulia.

Mdomo au pua? Yoyote, mradi usibadili. Kifua au tumbo? Hapa fuata wahudumu wako. Kwa titi tunapenda kifua kiinuke, lakini wapo wanaoweka kisanduku tumboni na watakufundisha tofauti kidogo.

Kuna kitu watu hukiogopa: ile hamu kali ya kupumua inayokuja karibu na sekunde ya 15. Hiyo haimaanishi oksijeni imekuishia. Kinachokusukuma zaidi ni hewa ya ukaa inayojikusanya kwenye damu, pamoja na kiwambo chenyewe kulalamika kwa kukazwa. Kule Birmingham, Uingereza, watafiti waliwaandaa wagonjwa wa saratani kwa oksijeni na mashine ya kupumulisha, wakaweza kubana pumzi moja kwa zaidi ya dakika 5, chini ya uangalizi wa madaktari. Nimelitaja ili ujue mwili una akiba. Wewe usijaribu ujanja wowote nyumbani, hasa ule wa kuhemahema kwa haraka kabla ya kubana. Unaleta kizunguzungu na unaweza kuzimia.

Acha mazoezi na uongee na daktari ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au mapigo ya moyo kwenda mbio. Mwenye pumu, mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, au anayeishiwa pumzi kwa kupanda ngazi chache, aseme kabla ya kuanza.

Wanaozoea haraka kuliko wote, kwa ninavyoona, ni waimbaji wa kwaya na wasomaji wa Kurani. Wameshajifunza kugawa hewa.

Hatua ya 4: Siku ya CT

Siku hii ndiyo inayoweka sheria. Pumzi utakayobana ndani ya CT itachorwa, itahesabiwa na wanafizikia, na mashine itakudai hiyohiyo mpaka mwisho wa tiba.

Njoo na daftari lako. Usije umeshiba sana, tumbo lililojaa linazuia kiwambo kushuka. Kama una mafua au kikohozi, piga simu kwanza. Kuahirisha siku mbili ni nafuu kuliko kupangiwa tiba juu ya pumzi ya mgonjwa wa mafua. Vaa kanga au nguo inayofunguka mbele. Utavuliwa nguo ya juu, na kama ungependa akuhudumie mwanamke au ujifunike mpaka dakika ya mwisho, sema. Hakuna atakayekushangaa.

Watakupiga picha mara mbili: ukipumua kawaida, na ukiwa umebana. Baadaye wanalinganisha moyo ulikaa wapi. Kabla ya ile ya pili jiulize jambo moja: hii ninayoivuta, nitaiweza mara nane mfululizo nikiwa nimechoka na daladala limenichelewesha? Kama huna hakika, waambie wapunguze kiwango. Tunapendelea sana mtu aseme hapo kuliko agundue wiki ya pili.

Watakuchora alama na pengine kukuchanja nukta ndogo za wino za kudumu, ndogo kama kichwa cha pini. Zile za kalamu usizisugue bafuni.

Na mkubaliane maneno. Jambo hili linaonekana dogo lakini limeharibu vipindi vingi. Mhudumu mmoja anasema "zuia," mwingine "bana," mwingine "shikilia," na mgonjwa anayesikia neno jipya kupitia spika anasita nusu sekunde, pumzi imeshapotea. Waombe watumie maneno matatu tu siku zote. Wengi wetu tunapelekwa India kutibiwa, na huko amri zitakuja kwa Kiingereza chenye lafudhi usiyoizoea, au kwa Kihindi. Mwombe mhudumu ayatamke mbele yako mara tano kabla ya kulala, na umwoneshe wewe mwenyewe kwamba umeelewa kila moja lina maana gani.

Hatua ya 5: Kwenye mashine

Ratiba nyingi za titi siku hizi ni grei 40 kwa vipindi 15, yaani wiki tatu. Baada ya utafiti wa Uingereza uitwao FAST-Forward kuchapishwa mwaka 2020, hospitali kadhaa hutumia grei 26 kwa vipindi 5 ndani ya wiki moja. Vyovyote vile, muda mwingi wa kila siku unakwenda kwenye kukulaza sawasawa. Miale yenyewe ni ya sekunde tu, ikigawanywa katika pumzi chache.

Wahudumu watatoka chumbani na mlango mzito utafungwa. Wapya wengi hapo ndipo moyo unapodunda. Tunakuona kwenye kamera na kukusikia muda wote. Sauti itasema uvute, "ongeza kidogo," au "punguza," kisha "bana." Mashine itatoa mlio. Usihesabu sekunde kichwani kwa wasiwasi. Wengine husoma dua fupi waliyoipima nyumbani, nayo inafika mwisho karibu na sekunde ya 20.

Ukishindwa katikati, pumua. Usijitese, usiinue mkono kutuashiria, usigeuze kichwa. Kwenye mifumo ya kamera miale hukatika yenyewe pumzi ikitoka nje ya mpaka. Kwenye pumzi ya hiari mhudumu ndiye anayekata akiona alama imeshuka. Tiba itaendelea pale ilipoishia, hakuna dozi iliyopotea. Ukitaka kukohoa vilevile, achia, kohoa, tulia.

Siku ya kwanza huwa ndefu na ya hovyo kidogo, hata kwa aliyefanya mazoezi. Kufikia siku ya tatu au ya nne watu wengi hawahitaji kuambiwa "ongeza." Karibu na mwisho ngozi inaweza kuwaka na uchovu ukaingia, na hapo pumzi huanza kupungua bila mtu kujua, kwa hiyo endelea na mzunguko mmoja wa mkekani kila jioni mpaka kipindi cha mwisho.

Wa mapafu, ini na kongosho

Ninyi huenda msiombwe kubana kitu. Mtu mwenye pafu bovu kubana pumzi sekunde 20 ni mateso, na ini linaposafiri sentimita moja au mbili kwa kila pumzi linahitaji mpango mwingine.

Njia ya kawaida zaidi ni CT inayofuata pumzi. Unapumua kawaida huku mkanda au kisanduku kikisoma kifua kinavyopanda na kushuka, na kompyuta inazipanga picha katika mafungu yapatayo kumi, tangu mwanzo wa kuvuta hadi mwisho wa kutoa. Daktari anaona uvimbe ukitembea kama filamu fupi, kisha anachora eneo lote unalopita. Eneo likiwa dogo, mambo yameisha, unapigwa ukipumua kama kawaida. Mwongozo wa chama cha wanafizikia tiba cha Marekani wa mwaka 2006 ulipendekeza kuchukua hatua zaidi mwendo ukizidi milimita 5.

Hatua hizo ni pamoja na mkanda au kibao kinachobonyezwa juu ya tumbo ili kiwambo kisishuke sana. Kinakera, na kwa ini na sehemu ya chini ya pafu mara nyingi kinasaidia. Au mashine inakusubiri: unapumua tu, nayo inapiga pale pumzi inapofika sehemu moja, mara nyingi mwishoni mwa kutoa ambapo mwili hutulia zaidi, halafu inakatika. Wajapani walikuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 1980. Inarefusha muda kitandani, kwa hiyo nenda haja kabla. Zipo pia mashine zinazoufuata uvimbe unavyotembea, wakati mwingine kwa msaada wa vipande vidogo vya dhahabu vilivyopandikizwa karibu nao. Ukitajiwa dhahabu usistaajabu, ni vipande vidogo kuliko punje ya mchele na havitolewi.

Zoezi lenu la nyumbani ni kupumua kwa mwendo mmoja. Lala chali dakika 15, msaidizi aangalie kiberiti kikipanda na kushuka bila kurukaruka. Wa ini na kongosho waulize kuhusu kula: vitengo vingi hutaka tumbo liwe tupu kwa saa mbili au tatu, na liwe hivyo kila siku, maana tumbo la leo likijaa na la kesho likiwa tupu, kongosho halikai mahali pamoja.

Mashine ikiharibika

Hutokea. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda ilipokufa kabisa, baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi kumalizia. Kuharibika kwa siku mbili tatu ni kwa kawaida zaidi, na daktari atahesabu jinsi ya kufidia.

Hatari kwako uliyepangiwa tiba ya kubana pumzi ni ile ya kuhamishiwa mashine nyingine, au hospitali nyingine, kwa haraka, ukalazwa na kupigwa ukipumua kawaida kwa ramani iliyochorwa juu ya pumzi iliyobanwa. Moyo hautakuwa pale ramani inaposema upo. Tiba ya namna hiyo inatakiwa ianzie kwenye picha mpya na mpango mpya, hata ikimaanisha kusubiri siku kadhaa.

Kwa hiyo tangu siku ya CT omba karatasi yenye mambo haya: umepangiwa kwa pumzi iliyobanwa au ya kawaida, kwa kifaa gani, grei ngapi kwa vipindi vingapi, na baada ya kila kipindi uwekewe alama kwamba umeshakipata. Piga picha karatasi hiyo kwa simu, mtumie na yule aliyekushikia rula. Ukifika pengine na kuambiwa ulale mara moja, ioneshe kabla hujapanda kitandani, na uulize: "Nibane pumzi, au mmenipangia upya?"